RF, AV, PAL, TRACKING: maneno ya kwenye deki na TV, na pa kushika kila neno

Swali

"Shikamoo mtaalamu. Baba ametuachia deki ya VHS na kanda kama thelathini. Nyingi ni za harusi na maulidi ya hapa Tanga miaka ya 1990. Nyingine zililetwa na ndugu kutoka Muscat, na mbili alitutumia shangazi aliyeko Marekani. TV yetu ni flati. Nyuma ya deki pameandikwa RF OUT na LINE OUT, mbele nakuta PAL, MESECAM, NTSC PB, SP/LP, TRACKING na HI-FI, na kwenye menyu ya TV kuna ATV, DTV, B/G, I, D/K. Tumeunganisha kwa waya wa antena: picha inakuja, sauti hakuna. Kanda za shangazi zinatoka nyeusi na nyeupe. Za Muscat zina utepe wa chenga katikati ya kioo. Naomba unifafanulie maneno haya kabla sijaharibu kitu."

Jibu

Marahaba. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuendelea kubonyeza. Deki nyingine utaipata kwa mafundi, TV utanunua, lakini hizo kanda hazina nakala. Kwa hiyo kabla ya yote toa kanda iliyomo, zima deki, na usiingize nyingine mpaka usome habari ya ukungu huko chini.

Maneno uliyoyataja yanachanganya kwa sababu yameandikwa pamoja ilhali hayahusu kitu kimoja. Fuata safari ya picha: iko kwenye kanda, inasomwa na deki, inapita kwenye waya, inapokewa na TV. SP, LP na HI-FI yanaeleza jinsi kanda ilivyorekodiwa. TRACKING ni kazi ya deki wakati wa kusoma. RF na LINE ni njia mbili za kutokea, basi hayo ni maneno ya waya. ATV, DTV, B/G, I na D/K ni ya TV. PAL, NTSC na MESECAM ndiyo yenye usumbufu, maana yanapita vituo vyote: kanda, deki na TV lazima zikubaliane mfumo. Ukishajua neno ni la kituo gani, hutahangaika na rimoti ya TV kwa kosa lililoko kwenye deki.

Picha ipo, sauti haipo

Tundu la RF OUT lipo kwa sababu TV nyingi za zamani hazikuwa na mlango mwingine zaidi ya antena. Ndani ya deki kuna mtambo mdogo wa kurushia matangazo. Unachukua picha na sauti ya kanda, unaipandisha kwenye chaneli moja ya televisheni, unaipeleka kwenye waya. TV inaipokea kama stesheni nyingine yoyote. Deki nyingi za PAL zilitoka kiwandani zikiwa kwenye chaneli 36 ya UHF, ambayo picha yake iko megahezi 591.25, na nyuma zina skrubu ndogo au kipengele cha menyu cha kuihamisha, kwa kawaida kati ya chaneli 30 na 39.

Hapa ndipo ATV na DTV zinapoingia. ATV ni upande wa TV unaopokea analojia, DTV ni wa dijitali. Deki ni analojia tupu, hivyo ukiitafuta chini ya DTV utatafuta hadi kesho. Wengi wanadhani ATV imekufa tangu mitambo ya analojia ilipozimwa, kuanzia Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012. Kilichozimwa ni minara. Deki yako inajirushia yenyewe ndani ya waya, na TV yenye ATV bado inaisikia.

Sasa sauti. Ndani ya chaneli ya analojia sauti haipandi mgongoni mwa picha. Ina wimbi lake, lililokaa juu ya wimbi la picha kwa umbali maalumu. Katika B/G umbali huo ni megahezi 5.5, katika I ni 6.0, katika D/K ni 6.5. Uingereza ilitumia I. Sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi na nchi nyingi za Ghuba zilitumia B/G. Ikiwa deki yako ilitengenezwa kwa soko la Uingereza, inaweka sauti kwenye 6.0, na TV iliyowekwa B/G inaitafuta kwenye 5.5. Picha inakuja safi, sauti inakuwa kimya au mvumo kama wa mvua kwenye bati. Ndicho kilichokupata.

Dawa yake ni hii. Cheza kanda, nenda kwenye menyu ya TV, sehemu ya kutafuta chaneli za analojia kwa mkono, simama kwenye chaneli ya deki, kisha badilisha SOUND SYSTEM kutoka B/G kwenda I, na ikishindikana D/K. Sauti ikitokea, hifadhi. Baadhi ya deki zina swichi ya G na I pembeni ya tundu la RF. Hiyo nayo inafanya kazi ileile kwa upande wa pili.

Nimekueleza hayo ili ujue sababu, lakini ushauri wangu ni kuachana na RF kabisa. Picha inapandishwa kwenye masafa kisha inashushwa tena, na kila hatua inaongeza chenga. Sauti nayo kwa njia hiyo ni ya upande mmoja tu, hata kama deki ni ya stereo.

LINE OUT na vijitundu vya rangi

LINE OUT, AV OUT na VIDEO OUT/AUDIO OUT ni majina ya kitu kimoja: picha na sauti zinazotoka moja kwa moja bila kupandishwa kwenye chaneli. Njano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia. Deki isiyo ya stereo ina tundu moja tu la sauti. Lichomeke kwenye jeupe la TV. OUT ya deki inaenda IN ya TV. Ukiunganisha IN kwa IN hakuna kitakachoungua, ila utakaa ukitazama kioo cha buluu. Kisha bonyeza SOURCE au INPUT kwenye rimoti na uchague AV.

Kwenye TV za flati kuna mitego mitatu, na inapoteza muda wa watu wengi sana.

Wa kwanza: TV nyingi zina tundu moja la kijani lililoandikwa VIDEO/Y, linalotumika kwa njia mbili. Ukichomeka waya wa njano hapo na ukachagua COMPONENT badala ya AV, utapata picha nyeusi na nyeupe, hata kwa kanda nzima kabisa. COMPONENT inataka nyaya tatu za picha, kijani, buluu na nyekundu, na inasoma rangi kwenye zile mbili nyingine. Tundu la kijani peke yake linabeba mwanga na giza.

Wa pili: TV nyembamba hazina nafasi ya matundu matatu, zinaweka kijitundu kimoja cha milimita 3.5 kama cha spika za masikioni, na unauziwa waya mfupi wa kugawa. Waya hizo hazifanani. Kichwa chake kina sehemu nne za chuma, na watengenezaji hawakukubaliana sehemu ipi ibebe picha. Kama unasikia mlio mkali kwenye spika na kioo ni cheusi, hamisha waya wa njano kwenye tundu jekundu, halafu kwenye jeupe, mpaka picha itokee. Kisha hamisha za sauti. Hakuna hatari katika kujaribu.

Wa tatu ni TV mpya isiyo na AV kabisa, ina HDMI tu. Hapo unahitaji kigeuzi kidogo cha AV kwenda HDMI, chenye kulishwa umeme wa volti 5 kwa waya wa USB. Soma mshale kwenye boksi kabla ya kulipa: kuna cha HDMI kwenda AV kinachofanana nacho kwa sura, na hakifanyi kazi kinyumenyume.

Deki zilizotoka Ulaya zinaweza kuwa na SCART tu, tundu refu la pini 21. Adapta ya SCART yenye matundu matatu ya rangi inatosha, ila nyingi zina kiswichi cha IN na OUT. Unatoa picha kwenye deki, basi kiweke OUT.

PAL, NTSC, MESECAM

Haya ni maneno yaliyokuzimia rangi kwenye kanda za shangazi, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Mfumo wa televisheni ya rangi unaamua mambo makuu matatu: picha ina mistari mingapi, inabadilika mara ngapi kwa sekunde, na rangi inabebwaje. NTSC ya Marekani, iliyopitishwa mwaka 1953, ina mistari 525 na picha 29.97 kwa sekunde, na wimbi lake la rangi liko megahezi 3.58. PAL ilibuniwa Ujerumani na Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken mwanzoni mwa miaka ya 1960: mistari 625, picha 25 kwa sekunde, rangi kwenye megahezi 4.43. Jina lenyewe linatokana na ujanja wake wa kupindua sehemu ya wimbi la rangi kila baada ya mstari, ili kosa la mstari mmoja lifutwe na la mstari unaofuata. Ndiyo maana PAL haihitaji kile kitufe cha TINT ambacho TV za NTSC hazikuweza kuishi bila nacho. SECAM ni ya Ufaransa: mistari 625 kama PAL, ila rangi inabebwa kwa namna nyingine kabisa. Kongo na Burundi zilikuwa upande wa SECAM. Tanzania, Kenya, Uganda na Oman upande wa PAL.

Kwa hiyo kanda za Muscat na za Tanga ni mfumo mmoja. Weka swichi ya deki kwenye PAL, au AUTO kama ipo. MESECAM ni namna ya kurekodi rangi za SECAM kwa deki zilizojengwa kwa PAL, iliyotumika Mashariki ya Kati kwenye nchi za SECAM. Usidanganywe na hayo "Mashariki ya Kati" ukaiweka deki MESECAM kwa sababu kanda imetoka Uarabuni. Oman haikuwa huko. Ukicheza kanda ya PAL na swichi iko MESECAM, rangi inapotea.

Kanda za shangazi ni NTSC. PB maana yake deki inaweza kuzicheza tu, haiwezi kurekodi kwa mfumo huo. Inapozicheza inazungusha dramu ya hedi, yaani silinda yenye vichwa vya kusomea kanda, kwa kasi ya NTSC, mizunguko karibu 1800 kwa dakika badala ya 1500, na deki nyingi zinahamisha rangi kutoka 3.58 kwenda 4.43 ili TV ya PAL iielewe. Lakini hazibadilishi idadi ya mistari wala idadi ya picha. Kinachotoka ni nusu NTSC nusu PAL, na mafundi hukiita PAL 60. TV ya chogo iliyokuwa ya PAL tupu ilikuwa ikiipandisha picha juu bila kutulia. TV ya flati hutuliza picha, lakini ikiwa imefungiwa PAL ya kawaida haioni rangi.

Hatua za kufuata: hamia AV kwanza, kwa sababu kwenye njia ya antena TV nyingi zinakataa mchanganyiko huo. Cheza kanda ya shangazi. Ingia menyu ya picha, tafuta COLOUR SYSTEM, weka AUTO. Kama rangi haijaja, pita moja moja: PAL 60, NTSC 4.43, NTSC 3.58. Kama deki yako ina swichi ya NTSC yenye 3.58 na 4.43, kwa TV ya flati chagua 3.58, hapo deki inatoa NTSC halisi bila kuichanganya.

Kasi ya kanda, na herufi E na T

SP ni kasi ya kawaida, LP ni nusu yake, na EP, ambayo mashine nyingine huiita SLP, ni theluthi moja. Katika PAL, SP inavuta kanda milimita 23.39 kwa sekunde. Katika NTSC ni milimita 33.35. Ndiyo maana kanda ya E-180, yenye urefu wa karibu mita 258, inatoa dakika 180 kwenye deki ya PAL na kama dakika 129 tu kwenye ya NTSC. T-120 ya Marekani ina karibu mita 247: kule ni saa mbili, hapa kwetu karibu saa tatu. Kanda tupu haina mfumo. Herufi E au T inakuambia dakika zimehesabiwa kwa mfumo upi, haikuambii kilichorekodiwa ndani. Videografa wa Tanga aliyenunua katoni ya T-120 alirekodi PAL juu yake kama kawaida, hivyo usizitenge kanda kwa lebo; zitenge kwa kuzicheza.

Kurekodi kwa kasi ndogo kunabana mistari iliyoandikwa kwenye kanda, si ile 625 ya picha. Katika PAL SP kila mstari kwenye kanda una upana wa mikroni 49, katika LP ni nusu ya hapo. Kanda ya LP inadai deki iliyo sawa zaidi, na ikichezwa kwenye deki isiyojua LP watu wanatembea mbiombio na sauti zao zinakuwa nyembamba kama za vifaranga. Kumbuka hilo kwa kanda za shangazi. Marekani watu walipenda EP ili kanda moja ibebe saa sita. Baadhi ya deki za NTSC PB haziziwezi kasi zote tatu, na sauti nyembamba ndiyo itakayokuambia kwamba tatizo ni kasi, si mfumo.

TRACKING, na chenga zisizo za tracking

Kanda ya VHS ina upana wa milimita 12.65. Picha haikuandikwa kwa urefu wake. Imeandikwa kwa mistari ya mshazari, na dramu yenye hedi inayozunguka kwa kuinama ndiyo inayoisoma. Ukingoni mwa chini kuna mkondo wa alama za mwongozo, unaoiambia deki mstari unaanzia wapi. Ukingoni mwa juu kuna mkondo wa sauti.

TRACKING ni kupeleka hedi mbele au nyuma kidogo kulingana na hizo alama mpaka ikae juu ya mstari barabara. Deki iliyorekodi kanda za Muscat ilikuwa na mpangilio tofauti kidogo na wa deki ya baba, basi hedi inakanyaga mstari nusunusu, na pale inapoteleza kunakuwa na utepe wa chenga. Bonyeza TRACKING + au − polepole, ukiacha sekunde mbili tatu kila mara. Utaona utepe unashuka au unapanda. Endelea kuusukuma upande huo mpaka utoke nje ya kioo. Bonyeza zote mbili pamoja kurudi katikati, au AUTO TRACKING kwenye deki za baadaye. Ukitoa kanda, deki nyingi zinasahau, hivyo kila kanda inaanza upya.

Sasa tofautisha, maana watu husugua hedi bure kwa kudhani chenga zote ni moja. Utepe unaotii TRACKING ni mpangilio. Chenga zilizoenea kioo kizima, au kioo cha buluu huku sauti ikisikika vizuri, ni hedi chafu. Buluu ile inawekwa na deki yenyewe ili kukuficha chenga. Mstari mwembamba unaotetemeka chini kabisa ya picha, usiotii chochote, ni pale hedi moja inapopokezana na nyingine. Upo kwenye kila kanda ya VHS duniani. TV za chogo ziliuficha kwa sababu zilikata kingo za picha, flati inauonyesha. Uache. Na kama picha inapinda juu kama bendera, ni mvuto wa kanda usio sawa au kanda iliyorefuka, na TV za flati huvumilia hilo kidogo kuliko za chogo.

Kuhusu hedi mbili na hedi nne: muuzaji alikuwa akisema nne ni picha maradufu. Si kweli. Hedi mbili za ziada ni nyembamba zaidi, kwa ajili ya LP na kwa kusimamisha picha bila mistari. Kwenye SP ya kawaida hutaona tofauti ya maana.

HI-FI, na wimbo uliopotea

Kwa kanda za harusi, hili ndilo neno la kuzingatia kuliko yote. Sauti ya kawaida ya VHS iko kwenye ukingo wa kanda, na kwa kuwa kanda inakwenda pole, sauti hiyo ni finyu. HI-FI inaandikwa na hedi zinazozunguka, chini ya tabaka la picha, na ubora wake unakaribia wa CD.

Kanda moja inaweza kuwa na sauti mbili tofauti. Videografa akirekodi harusi kwa deki ya HI-FI, kisha akaongeza taarabu juu kwa kitufe cha AUDIO DUB, taarabu hiyo inakaa kwenye ukingo peke yake, kwa sababu sauti ya HI-FI haiwezi kufutwa bila kufuta picha. Deki ikiwa kwenye HI-FI utasikia ukumbi ulivyokuwa: vigelegele, mshereheshaji, watoto. Ukibadilisha kuwa NORM au MONO utasikia taarabu. Kitufe kinaitwa AUDIO, AUDIO MONITOR au AUDIO SELECT. Jaribu kila kanda pande zote mbili kabla ya kusema haina sauti au sauti ni mbaya. Na HI-FI ikikatika kwa mlio wa kukwaruza, hiyo nayo ni TRACKING. Ikishindikana kabisa, hamia NORM.

Kabla hujaingiza kanda tena

Pwani yetu ina unyevu, na ukungu ndio adui wa kanda. Shika kanda kwenye mwanga na utazame kupitia kidirisha chake. Kanda safi ni nyeusi na inang'aa sawasawa. Ukiona unga mweupe kama wa ngano kwenye kingo za roli, usiicheze. Ukungu utashika kwenye hedi, na hedi zitaupeleka kwenye kanda zote thelathini. Itenge kwenye mfuko wake pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, kisha umpelekee fundi mwenye deki ya kazi hiyo peke yake. Usiianike juani, plastiki inapinda.

Kama deki imekaa miaka bila kuwashwa, angalia kwanza nyuma imeandikwa volti ngapi. Iliyoandikwa 120V itaungua kwenye umeme wetu bila transfoma ya kushusha. Kisha jaribu na kanda usiyoijali: cheza, simamisha, rudisha nyuma, toa. Mikanda ya mpira ndani hulegea, na deki yenye mpira uliolegea huanza kuzungusha kanda lakini haiivuti tena ndani, ikabaki imening'inia njiani. Ndipo watu husema deki imetafuna kanda. Ikionyesha neno DEW, kuna umande kwenye dramu. Iache imewashwa bila kanda saa moja au mbili.

Hedi chafu zinasafishwa hivi. Chomoa umeme, fungua kifuniko, usiguse upande wa pawa. Kata kipande cha karatasi nyeupe ya printa, kiloweshe alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kigandamize kwa wepesi kwenye ubavu wa dramu, na uzungushe dramu kwa kidole kutoka juu, mizunguko michache. Karatasi inatulia, dramu ndiyo inayokwenda. Usisugue kwenda juu na chini hata mara moja: hedi ni vipande vidogo vigumu vilivyochomoza kidogo sana, na vinavunjika. Pamba inaacha nyuzi. Spiriti ya dukani mara nyingi ina maji au mafuta. Subiri robo saa ikauke.

Halafu vunja vile vijimeno vya plastiki mgongoni mwa kila kanda, kama bado vipo. Vikiwa vimevunjwa deki inakataa kurekodi, na hakuna mtoto atakayefuta harusi kwa kubonyeza REC. Kama kuna selotepu iliyobandikwa pale, ibandue.

Picha kuonekana hafifu, na kuihamishia kwenye kompyuta

VHS ina uwezo wa kama mistari 240 ya undani kwa upana. Flati ya 1080 inaikuza mara kadhaa, basi itaonekana laini, na hilo si kosa la kifaa chochote. Weka umbo la picha 4:3. Kwenye 16:9 bibi harusi ananenepeshwa bila sababu. Punguza SHARPNESS, kwa kuwa inakuza chenga na haiongezi undani.

Usikae sana kabla ya kuzihamisha. Kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Kifaa cha USB cha kunasa picha kinapokea zile nyaya tatu za rangi na kuingiza kwenye kompyuta. Kwenye programu yake chagua PAL, pikseli 720 kwa 576, picha 25. Kwa kanda za shangazi chagua NTSC, 720 kwa 480, picha 29.97. Ukiacha programu kwenye mfumo usio wake utarudi kwenye nyeusi na nyeupe uliyoanza nayo. Vifaa vingi vya kunasa havikubali PAL 60, kwa hiyo kanda hizo mbili zinahitaji ile swichi ya 3.58, na kama deki ya baba haina, azima deki ya mfumo wa NTSC kwa siku moja.

Ukinasa kwa MPEG-2 ya megabiti 8 kwa sekunde, saa moja inakula karibu gigabaiti 3.6, na kanda ya saa tatu karibu 11. Kwa kanda thelathini andaa diski ya nusu terabaiti. Irudishe kila kanda mpaka mwanzo na uicheze mara moja tu, ukinasa palepale, kwa sababu kanda ya zamani inaweza kuwa na mchezo mmoja mzuri uliobaki ndani yake. Anza na za Tanga zilizorekodiwa kwa SP, uijue deki na TRACKING yake. Ya LP, ya NTSC na iliyopinda iwe ya mwisho.